Kikwembe ya Kukimbilia

Asubuhi moja tulikuwa tunapanga mustari kwenye barrière, kizuizi ya maaskari ya kuingia muji wa Butembo. Papa mumoja akafika mbio, jasho inatiririka, amefunga kiunoni kikwembe, kitenge ya bibi yake wa ndoa. Huyo anafanyaka sport kila asubuhi, vita ao hapana vita.

Soldat akamusimamisha.

"Papa, suruali yako iko wapi?"

"Chef, ni hiyo umevaa. Mulinivula juzi, hapa hapa."

Hakuna mwenye alicheka. Tuliangalia chini. Soldat akajiangalia miguu, kisha akakodolea kikwembe macho.

"Na hiyo kitenge, ni wax ya kweli, ile ya bei kali?"

Papa akashika fundo kwa mikono mbili, akachomoka. Ndugu musomaji, usizani aliogopa bunduki. Aliwaza namna ataingia nyumbani bila kikwembe ya bibi.