Aliyeinua Mtungi Stratford Road

Siku niliyomtupia injinia kitambaa cha kufutia meza ndiyo siku niliyoona haya ninayokueleza. Usicheke. Sikuwa na homa, na mimi si mtu wa kuona mashetani kila kona. Nilisoma hadi kidato cha nne na hesabu nilipata B. Ilitokea, wallahi, hapa hapa Birmingham, asubuhi ya Desemba kabla giza halijatoka.

Nilikuwa nasafisha ofisi katikati ya jiji, shifti ya saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja na nusu. Ni ofisi ya watu wanaochora barabara za nchi za watu. Miezi mitatu nilifuta meza zao bila kujali karatasi zao. Halafu wiki moja wakabandika ukutani mchoro mrefu, nikaona juu yake jina la kituo chetu. Kwetu! Kaskazini mwa Kenya, jangwani, vibanda ishirini na msikiti wa mabati. Na pale ndipo anapoishi mtoto wangu wa kwanza, Hamdi, miaka saba, pamoja na mama yangu, tukingoja viza. Mdogo ninaye hapa, mtaa wa Sparkbrook.

Wewe usiyepajua, elewa jambo moja. Kwetu maji hupita barabarani. Mwenye kiu husimama ukingoni, anainua mtungi mtupu wa plastiki juu ya kichwa, hasemi neno. Dereva akiuona anatoka kando na kummiminia alichonacho. Hata dereva mkorofi. Asiyesimama hulaaniwa hadi mpakani. Na wanaotumwa ni watoto, kwa sababu mtoto huonewa huruma upesi.

Sasa tazama mchoro wao. Barabara inapanuliwa, leni mbili kila upande, na vyuma vya kingo mfululizo, eti usalama. Hakuna mahali pa lori kutoka kando. Hakuna mahali pa mtu kusimama ila juu ya lami yenyewe. Na kazi ilikuwa imeshaanza kusini kwetu: malori yakitoka kwenye lami mpya yanaingia kwetu kwa kasi ile ile.

Mara ya kwanza nilipomwambia injinia, alitabasamu. Mara ya pili akasema atafikisha ujumbe. Asubuhi ile, mara ya tatu, aliingia na kahawa yake, nikaweka kidole kwenye mchoro: watoto husimama hapa.

"Pale hapana mtu, bab," akasema. Bab ndivyo watu wa hapa wanavyokuita wakitaka kukubembeleza. "Ni jangwa tu. Kama una lalamiko, kuna fomu."

Kitambaa kikampata kifuani, na maji yake yote.

"Mtu ni mwanangu!" nikamwambia. Nikachukua koti, nikatoka.

Mvua ilikuwa ile nyembamba ya hapa, isiyonyesha wala kuacha. Nikapanda basi. Tulipoingia Stratford Road, kwenye kituo cha kwanza nikamwona mwanamke amesimama ukingoni kabisa, mtungi wa manjano juu ya kichwa. Nikajiambia nimeona vibaya. Nani huinua mtungi Birmingham? Abiria hawakugeuka. Dereva hakupunguza. Kituo cha pili, yeye. Niambie, nani hulipita basi kwa miguu? Kituo cha tatu, yeye tena, na sasa nikaiona miguu. Mmoja una ndara ya buluu, mwingine mtupu. Yote miwili mikavu, imejaa vumbi jeupe, katika mvua ile.

Ule mguu mtupu niliujua. Nilikuwa kidato cha pili wakati Halima muuza maziwa alipogongwa na lori pale kwetu akiomba maji. Walimfunika shuka, mguu mmoja ukabaki nje. Ndara ya pili ilitafutwa, haikupatikana. Akazikwa pale pale kando ya barabara.

Unadhani nilishuka? Nilikaa. Hiyo ndiyo aibu yangu, naiandika. Mimi, binti wa barabara ile, nilimpita mwenye mtungi mara tatu.

Kituo cha nne, yeye tena. Nikabonyeza kengele, nikashuka.

Nilikuwa na chupa yangu ndogo ya maji ya kazini. Nikammiminia. Maji yaliingia mtungini bila sauti, na mdomo wa mtungi ukanipulizia joto, kama kufungua mlango wa gari lililoachwa juani.

"Mama Hamdi," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuza maziwa, "umechelewa. Mkono umechoka. Mtoto amekuja kunipokea mtungi."

Halima alikufa kabla sijaolewa. Jina la Hamdi alilitoa wapi? Nikafungua mdomo kuuliza mtoto gani, nikajikuta nimeshika chupa tupu mbele ya duka la vitambaa lililofungwa, peke yangu.

Nikampigia mama yangu. Kule ilikuwa karibu saa tano, jua kali.

"Hooyo, Hamdi yuko wapi?"

"Salamu kwanza! Umelelewa na nani wewe?"

"Hamdi yuko wapi?"

"Barabarani na mtungi, atakuwa wapi? Siku ya tatu gari la maji halijaja. Wewe huko unaoga mara mbili kwa siku, halafu unanipigia kelele."

"Mwite! Mwambie nimemnunulia baiskeli, mwambie chochote, mwite sasa hivi!"

Nikamsikia akiita. Akaita tena. Kisha hatua ndogo zikija mbio, na pumzi kwenye simu.

"Mama? Baiskeli ya rangi gani?"

Kabla sijajibu, honi. Ndefu. Halafu mlio kama wa bati linalochanwa, na mama yangu akaanza kutaja jina la Mungu.

Lori lilikuwa limetoka nje ya barabara na kupita juu ya mahali pale pale. Dereva alipona. Mtungi ambao Hamdi aliuacha ili aje kwenye simu ulikuwa bapa kama chapati. Walipouokota, chini yake palikuwa na ndara ya buluu, moja.

Tangu siku hiyo sipandi basi bila chupa ya lita mbili, na sikai upande wa dirisha, nisichelewe kushuka. Kampuni ya usafi imenihamisha kutoka jengo lile. Hamdi hajui kitu, anadai baiskeli yake tu. Na wewe unayesafiri njia ile, ukiona mtungi umeinuliwa, simama. Usiseme wa nyuma yangu atasimama. Ukimpita atakufuata uliko. Mimi alinifuata hadi Birmingham.

Ile fomu ya injinia niliijaza, nikaipeleka mapokezi mwenyewe, nikangoja hadi wakaigonga muhuri. Mume wangu aliisoma akasema, "Huo mstari wa mwisho ufute, watakuona mwendawazimu." Sikufuta. Iko hivi:

Lalamiko: Mmechora barabara bila watu.

Ninachotaka: Mahali pa malori kutoka kando na kusimama, matuta kabla ya hapo, na vyuma viachwe wazi watu wapite.

Aliyeathirika: Hamdi, miaka saba, na kila mtoto wa kituo chetu.

Shahidi: Halima, muuza maziwa. Anapatikana kila siku ukingoni mwa barabara, kushoto ukitoka kusini, mahali mnaposema hapana mtu.