Nilimpigia mjomba kelele apunguze sauti, kumbe kosa lilikuwa kwenye setting yangu ya 5.1

Habari za majukumu wakuu.

Nyuzi nyingi za aibu humu huanza na "kuna jamaa yangu mmoja". Huu hauna jamaa. Ni mimi mwenyewe, na chumvi sijaongeza, kwa sababu nilichofanya kinatosha kilivyo.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Morogoro. Naishi Bigwa, na chumba cha mbele cha nyumba ndiyo ofisi yangu.

Sebuleni, upande wa pili wa ukuta, nina TV, sabufa yenye spika mbili na kompyuta ndogo niliyoiwekea media player yenye muvi zote za familia. Niliset mwenyewe kila kitu. Kwenye output ya sauti kulikuwa na 2.0 na 5.1. Nikachagua 5.1, kwa sababu namba ilikuwa kubwa.

Wanaojua mambo haya nadhani wameshaanza kucheka. Subirini kidogo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alishuka kutoka Mgeta kuja kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Jicho moja likafungwa bandeji, la pili likawa linasubiri zamu yake, na kwa hilo haoni zaidi ya vivuli. Akafikia kwangu.

Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno. Na kipindi hicho hicho washenga walikuwa wanakuja kumposa dada yangu mdogo. Mjomba asipofungua kinywa, hakuna posa.

Na kinywa anacho. Mtu aliyelima kabichi mteremkoni maisha yake yote amezoea kuongea na jirani aliyeko ng'ambo ya bonde. Akisema "habari za asubuhi", nyumba ya tatu wanaitikia.

Kila asubuhi mke wangu alikuwa akimwekea muvi za manabii zilizotiwa Kiswahili, anaongeza sauti, kisha anaenda zake gengeni. Mjomba anabaki kusikiliza, maana kuona haoni.

Sasa zile muvi zilikuwa na ugonjwa wake. Watu wakiongea husikii kitu, kama wako ndani ya mtungi. Vita vikianza, na farasi na radi na muziki, madirisha yanatetemeka. Lakini ukipiga Bongo Fleva, kila kitu safi.

Mke wangu alishaniambia, "Baba Neema, hii TV watu wake hawasikiki." Nikamjibu ni quality ya muvi. Fundi kashasema, nani abishe.

Basi niko na mteja ofisini, laptop imefunguliwa mezani, mara vita. Nikawa napiga kelele kupitia ukuta: "Mjomba, punguza sauti!"

Baada ya dakika moja, kimya. Nikajua kasikia, kapunguza. Kumbe vita vimeisha vyenyewe kwenye muvi.

Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaweka na ukali: "Mjomba, mara ngapi nimekwambia upunguze sauti?" Kulikuwa na mteja mmoja, mzee wa Mafiga. Aliniangalia, halafu akaangalia chini. Sikumwelewa.

Wiki ya pili mjomba akaanza kupoa. Nikimwamkia shikamoo, marahaba yake inatoka kwa chini. Mezani anakula na kunyamaza, hadithi zote zimekwisha. Nikamwambia mke wangu mzee kanuna kwa sababu ya TV, amwache tu.

Nitawaambia ukweli wakuu, ule utulivu niliufurahia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumamosi washenga wakaja, watu wazima wanne, wakakaa pale sebuleni. Barua ikasomwa. Wakatulia kumsubiri mjomba.

Mjomba akaanza kuongea. Midomo tunaiona, maneno hatuyasikii. Mshenga mkubwa akasogeza kiti. Dada yangu yuko nyuma ya pazia na mama mdogo, nao hawapati kitu.

Nikaona tunaaibika. Nikasema kwa ule upole wa mtu mwenye wageni, "Mjomba, ongeza sauti kidogo."

Akageuza uso upande niliokuwapo.

"Niongeze? Si kila siku unanipigia kelele nipunguze? Nimepunguza mpaka hapa, mpwa wangu. Nyumba ni yako."

Nikaanza kujieleza mbele ya wageni, kwamba nilikuwa nasema sauti ya TV.

"TV naiwasha mimi?" akauliza. "Hicho kidude chenu hata vitufe vyake sivioni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Rimoti hakuwahi kuishika hata siku moja. Asubuhi zote zile nilikuwa namsikia anawauliza watu wa kwenye muvi, kwa sauti yake ile ya Mgeta, "Mnasemaje?" Na mpwa wake anamjibu kupitia ukuta apunguze. Akapunguza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mjomba akawaambia washenga jibu watalipata kwake, akishapona. Ilibidi mshenga mkubwa awaeleze wenzake alichosema mjomba: "Anasema huko kwake ataweza kuongea." Nyuma ya pazia nikamsikia dada yangu analia.

Walipoondoka nikakaa kwenye kiti cha mjomba, nikaweka ile muvi, nikafumba macho kama yeye.

Farasi nawasikia. Upepo nausikia. Watu hawapo.

Nikafungua settings. Kwa faida ya wasiojua, 5.1 inagawa sauti kwenye spika sita, na maongezi mengi yanapelekwa spika ya katikati. Mimi spika ya katikati sina. Maneno yote ya manabii yalikuwa yanatumwa kwenye spika ambayo haipo, na mke wangu akiongeza sauti anaongeza farasi tu.

Nikaweka 2.0 ili maongezi yachanganywe kwenye spika mbili nilizonazo, nikawasha na ile option ya kusawazisha sauti isipande na kushuka. Haikuchukua hata dakika.

Nikamwita mjomba asikilize. Akasikiliza kidogo, akasema, "Kumbe walikuwa wanaongea." Kisha akaomba nizime, apumzike.

Bandeji ilipotolewa akarudi kwake. Neno baya hakunipa, na zuri pia hakunipa.

Mwezi uliofuata tukapanda Mgeta, sisi na washenga. Mjomba akatukaribisha, watu wakakaa. Kabla hajaanza akanitafuta kwa lile jicho lililopona, akaniuliza mbele ya wote, "Mpwa, hapa niongee kwa kiasi gani?"

Watu wakacheka. Mimi nikainamisha kichwa.

Halafu akaipokea posa, na wanawake waliokuwa jikoni nje wakapiga vigelegele bila kuambiwa na mtu. Dada yangu anaolewa, namshukuru Mungu. Lakini siku ile sikuweza kumtazama mtu usoni.

Nilichojifunza: kama una spika mbili, weka 2.0, achana na sifa. Mwenzako akikwambia TV haisikiki, fumba macho usikilize kabla ya kumjibu. Na mkubwa wako usimrushie neno kupitia ukuta. Inuka, nenda alipo, umwambie unazungumzia sauti ya nini.

Msamaha bado sijaomba. Nimempigia simu mara tatu, na mara zote nimeishia kuuliza habari za mvua.

Kwa hiyo wakuu, mliowahi kumkosea mjomba mkaweza kumwambia, mlianza na neno gani? Niandikieni hapo chini, hata kama ni la kunisema.