Msamaha Niliouomba Jukwaani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, sikio la kufa lisilosikia dawa. Vijana wa kanisa letu pale Themi tulikuwa tukifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, kisa cha mwana anayerudi kwao katika kijiji kidogo cha wavuvi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvua samaki. Wavu wenyewe tuliazima wa goli la mpira. Mimi ndiye niliyekuwa huyo mwana. Tena ndiye niliyeshauri nirudi kwa baba na jani la sale mkononi, maana kwetu Meru mtu akikuletea sale, humnyimi msamaha. Wavuvi gani hao wenye sale? Hakuna aliyeuliza.

Sasa sikiliza aibu yangu. Mwaka mzima sikuwa nimekanyaga nyumbani, mlimani juu ya Tengeru. Nilimwambia baba yangu mzazi, mbele ya wazee wenzake, kwamba kahawa yake ni utumwa na yeye ni mtumwa wake. Nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi hiyo mdogo wangu wa kike, Anaeli, akanifuata mazoezini.

"Kaka, Baba amezidiwa. Anakuulizia kila saa. Chukua sale twende, myamalize."

"Kesho ndiyo onyesho," nikamjibu. "Mwambie Jumatatu asubuhi nipo."

Alirudi peke yake.

Jumapili mchana nilipiga magoti jukwaani nikalia machozi ya kweli. Baba wa kuigiza akapokea jani, akaniwekea mkono kichwani. Ukumbi mzima ulilia, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kuwaona wanalia. Nilipotoka nje nikamkuta Anaeli, kanga kichwani, macho mekundu.

"Baba amefariki alfajiri," alisema. "Nimefika umeshaanza, nikasimama mlangoni. Umeomba vizuri sana, kaka."

Siku ya mazishi nilileta jani la sale niliweke juu ya jeneza. Baba mdogo akanishika mkono.

"Sale hupewa mwenye mkono wa kupokea," akasema. "Hili kaa nalo mwenyewe."

Sikumkasirikia, alisema kweli. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea mpaka leo meno yananitoka, na bado hajakua akaniacha.

Basi mwanangu, nakuasa. Kama yuko mzazi uliyemvunjia heshima, usimwahidi Jumatatu. Machozi unayomwaga mbele za watu hayamfikii aliyelala nyumbani akikusubiri. Acha ulichoshika, nenda leo, hata kama huna maneno mazuri. Kigugumizi chako atakielewa, ndiye aliyekufundisha kusema. Mungu akufikishe salama. Umpe baba yako shikamoo, naye awe hai kuiitikia.