Shamrashamra Huanza Wote Wakishafika

Nakumbuka siku niliyoletwa kwa mume wangu hapa Ilemela, mwanangu, na si gauni ninalolikumbuka, ni ngoma iliyokatizwa. Juzi uliniuliza shamrashamra ni nini hasa, maana mshereheshaji wa harusi yako anataka spika za kutikisa Kiseke nzima. Haya, weka simu chini kidogo.

Tulitoka kisiwani kwetu kwa mitumbwi miwili ya injini. Wa kwanza ulitubeba mimi na bwana harusi. Wa pili ulikuwa na shangazi zangu na kaka yangu Masanja, aliyenilea baada ya baba kufariki. Njiani mvua ikatushukia, tukapotezana. Sisi tulipogusa mchanga, ufukwe mzima ukalipuka kwa ngoma na vigelegele. Nikajiona malkia, wallahi.

Mama mkwe wangu hata hakunitazama. Alimwendea mpiga ngoma, akamshika mkono.

"Hebu nyamazeni. Mtumbwi wa pili uko wapi?"

"Unakuja tu, mama," kijana mmoja akamjibu. "Injini yao ndogo."

"Basi tusikilize unavyokuja."

Watu wakaguna. Na mimi, sikufichi, moyo uliniuma. Nilidhani huyu mama hanitaki, ananiharibia siku yangu mbele za watu. Tukasimama kimya tunanyeshewa kama tuko msibani.

Ndipo tukasikia debe likigongwa, mbali, upande wa mawe, ambako hakuna aliyekuwa akitazama. Wavuvi wakasukuma mtumbwi, wakaenda mbio. Wakawakuta injini imezima, maji yamewafika magotini, shangazi zangu wanayachota kwa sufuria za harusi na kuyamwaga, Masanja anagonga debe kwa nguvu zake zote. Alikuwa akigonga tangu aliposikia ngoma zetu. Sisi tulikuwa tukisherehekea bila kumsikia.

Walipofika salama, mama mkwe alinikumbatia, wote tumelowa chapachapa. "Haya, mkwe wangu," akasema, "sasa anza wewe." Nikapiga kigelegele huku nalia, na ngoma zikapokea. Tulicheza kwenye tope mpaka viatu vikapotea. Masanja leo ana wajukuu kule Bujora, na kila nikimwona namshukuru Mungu kwa ajili ya yule mama. Sijui ningeishije na ndoa iliyoanza kwa kumpoteza kaka yangu.

Basi shamrashamra, mwanangu, ni makelele ya furaha, ngoma, vifijo, watu kurukaruka. Usiyaonee haya, yapo tuyapige. Lakini ni furaha ya watu waliokwisha kuonana. Kabla hujawaambia washangilie, angalia nani hayupo. Mpigie simu, mngoje, mtume mtu akamchukue. Akishafika, washeni hizo spika, na mimi mtaniona mbele kabisa nacheza.

Mungu akujalie nyumba yenye vicheko, akupe watoto wa kukuchosha kwa kelele, na akupe mama mkwe mwenye masikio kama ya yule wangu.