Ushuhuda Wangu Kule Mugutha

Nichekeni tu, nimezoea. Jumapili iliyopita mchungaji wetu wa Mugutha aliniita mbele nieleze vile mwaka wa kwanza wa chuo huko Thika umenijenga. Umenijenga? Ulinibomoa. Nilishinda nimelala hosteli, nikakosa masomo, nikalia. Lakini kwa simu nilimwambia mama niko sawa, na sasa alikuwa amekaa kiti cha mbele na kitenge kipya. Ningesema nini?

“Bwana asifiwe! Nimejifunza kupanga maisha,” nikaanza. “Asubuhi masomo, jioni naongoza nyimbo kwa CU, ule ushirika wetu wa wanafunzi Wakristo.”

Vigelegele! Mama akamgusa jirani: “Huyo ni wangu!” Mimi nami nikanogewa, nikaongeza kwamba kila Ijumaa nafunga.

Nikasahau kwamba kwetu, ushuhuda ukiisha, wageni husimama kusalimia. Kijana mmoja akainuka kule nyuma.

“Mimi ndiye mwenyekiti wa hiyo CU,” akasema kwa upole. “Dada, hatujawahi kukuona, lakini bado unakaribishwa.”

“Amina!” kanisa likaitikia kwa mazoea. Mama peke yake hakuitikia.