Mti Ulioitikia Kilio

Dominique alitoka Wamaza kuja shule ya wamisioni Kasongo akiwa na kaptura moja na kazi aliyokwisha kuizoea nyumbani: kuitikia. Kwao, mtu akitoa hadithi, wimbo au kilio, sharti apate wa kumwitikia. Akimkosa, anajua watu wamemchoka, anakwenda kulala. Dominique alikuwa fundi wa kazi hiyo, na mjomba wake hakuanza hadithi yoyote kabla hajamwona ameketi.

Basi fikiria miaka ile Wabelgiji walipotawala Kongo, darasa la walimu watarajiwa, Padri Théophile amesimama na shairi la Kifaransa mkononi. Anasoma mstari wa kwanza, anavuta pumzi. Kutoka nyuma: "Eee." Mstari wa pili. "Kweli kabisa." Wa tatu, ambamo msichana wa watu anakufa kando ya ziwa: "Pole yake, masikini."

Padri alidhani anachezewa shere. Akampa Dominique adhabu ya kung'oa majani uwanjani, na majani yalipokwisha akamtafutia uwanja mwingine. Haikusaidia kitu. Mwishowe akamwambia wazi, "Nikisikia tena sauti yako katikati ya maneno ya watu, unarudi kwenu kulima." Dominique aliogopa kwelikweli. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuwa mwalimu, na mama yake, Emilienne, alikwisha kuwatangazia majirani kana kwamba cheti kimeshatundikwa ukutani.

Ikaja sikukuu ya shule, na mchezo wa kuigiza aliotunga Padri mwenyewe kwa Kiswahili: mfalme anafiwa na mwanawe, analia, anakufa kwa majonzi, pazia linafungwa. Ufalme alipewa Emile, kijana wa Kasongo mwenye sauti nzito. Dominique alipewa kuwa mti. Padri alifikiri sana kabla ya kumchagulia, maana mti hausemi.

Siku yenyewe uwanja ulijaa wazazi, na Emilienne alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Wamaza amtazame mwanawe. Dominique alisimama amefungwa matawi hadi masikioni, sisimizi wakimtembea shingoni, na hakutikisika. Emile akaja, akauegemea mti, akalia, "Nani atabaki nami katika nyumba hii?" Kisha akanyamaza kama alivyofundishwa, ili wazazi wapate kuhuzunika.

Kimya. Watu wazima wote wale, na hakuna hata mmoja aliyemwitikia, kwa kuwa walikuwa wameonywa langoni kwamba mchezo wa Wazungu hutazamwa kwa adabu. Dominique alimwona mwenzake amesimama peke yake na msiba wake, akaona aibu. Cheti kikamtoka kichwani.

"Tuko," mti ukasema. "Tuko nawe, mufalme."

Emilienne alikuwa wa kwanza kuinuka. Alifunga kitenge kiunoni, akaanza kilio cha kwao, na wanawake wengine wakampokea. Emile, sasa amepata watu, akaongeza maneno ambayo Padri hakuyaandika, akataja ukoo wa marehemu na tabia zake njema. Marehemu mwenyewe, mwanafunzi aliyelazwa pale chini kuwa maiti ya mwana wa mfalme, alikuwa akifuta machozi. Wanaume wakasogeza viti karibu. Mmoja akaleta maji, mfalme akanywa.

"Kufa," Padri akanong'ona nyuma ya pazia. "Emile, kufa sasa."

"Padri, nitakufa namna gani?" Emile akajibu kwa sauti ya kawaida. "Angalia watu wote hawa wamekuja kunituliza. Nikikufa, watasema nimewazarau."

Ikabidi pazia lifungwe mfalme akiwa mzima wa afya. Wazazi walitoka wakiusifu mchezo, hasa mti.

Jioni Padri akamwita Dominique ofisini. Dominique aliingia na vitu vyake vimeshafungwa, macho yamemvimba. Padri hakuvitazama vile vitu.

"Nitasema shairi," alisema. "Ukinyamaza mpaka mwisho, utabaki shuleni."

Lilikuwa shairi lake mwenyewe, la Kifaransa, na alilisema bila karatasi: mama anazikwa kwao Ubelgiji, kwenye baridi, na mwanawe yuko mbali kando ya mto Lualaba, habari inamfikia kaburi limeshaota majani. Dominique aliuma midomo. Alikamata kiti kwa mikono miwili. Kila mstari ulipoisha jibu lilimpanda kooni akalimeza, na hakuna adhabu iliyowahi kumuumiza vile. Lakini alinyamaza mpaka neno la mwisho.

"Vizuri," Padri akasema. "Utabaki. Utakuwa mwalimu."

Ila hakumwambia atoke. Alibaki anatazama meza, na kile kimya alichokidai mwenyewe kilionekana kumwelemea.

"Sasa nitarudilia," akasema polepole. "Na wewe uitikie."

Dominique akaketi vizuri. "Siwezi bado, Padri," akasema. "Haujaniambia mama alikuwa anaitwa nani."

"Marguerite," Padri akasema, na machozi yakamtoka kabla hajafika mstari wa kwanza.