Jiwe Lililoikataa Sumaku

Mwanaesha wa Kibokoni alikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya wasichana, na mimi Athmani, sonara jirani yake, hupandwa na hasira hadi leo nikisikia akiitwa "yule muosha vichupa."

Mwaka wa tisini na nne alisoma katika jarida kuukuu habari za jiwe jeusi ambalo, likipozwa kwa baridi kali kuliko barafu, hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe, na sumaku ikiwekwa juu yake huelea. Akamwambia Mwalimu Morgan, mkuu wa sayansi, kuwa atalitengeneza. Mwalimu akacheka mbele ya wenzake.

"Bi Mwanaesha, mambo hayo yafanywa Japani. Wewe huna hata diploma."

"Ningojee hadi siku ya wageni. Nikishindwa, ufunguo wa maabara huu hapa, na kazi naacha."

Nilimgombeza. Mtu huchezea riziki yake kwa ajili ya jiwe? Lakini tanuri langu nikamwachia.

Unga adimu wa itriamu aliletewa na mwanafunzi wake wa zamani aliyesoma ng'ambo, wa kutosha mawe mawili tu. Akauchanganya na wa bariamu na wa shaba, akausaga kwa kinu cha chuma cha bibi yake, kilichozoea kutwanga iliki. Tukaoka kutwa kucha, kisha tukapoza polepole nikipuliza oksijeni ya mtungi wangu. Naitrojeni ya maji, yenye ile baridi kali, tulipewa na daktari wa mifugo, anayeitumia kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe. Tukaimimina. Sumaku ikalala juu ya jiwe kama mtu aliyeshiba pilau.

Mwanaesha hakulia. Alishinda barazani kwangu siku mbili na jarida lake, kisha akasimama ghafla.

"Ami Athmani, ni kile kinu! Kimetutilia chuma ndani ya unga. Chuma kina usumaku wake, na kikiingia humu hata kidogo, umeme haupiti tena bure."

Nikamtolea kinu changu kidogo cha akiki, jiwe gumu lisilo na chuma, ambacho hata mke wangu hakigusi. Unga wote uliobaki ukaingia humo.

Siku ya wageni maabara ilijaa maafisa wa elimu. Jiwe la pili likamiminiwa naitrojeni, ukungu ukatanda mezani. Mwanaesha akaiweka sumaku kwa kibano, akaiachia. Ikaelea. Akaigusa, ikazunguka hewani. Mimi nilipiga takbiri bila haya.

Mwalimu Morgan akajipenyeza mbele. "Kama mnavyoona, waheshimiwa, idara yangu imefanya kazi kubwa. Bi Mwanaesha, hebu wapatie wageni chai."

Mwanaesha hakukiweka kibano chini.

"Birika lile pale, Mwalimu. Wamiminie wewe. Mimi sijamaliza kuwaeleza."

Akaendelea kueleza, wageni wakimwandama kwa maswali. Mwalimu akaliendea birika. Kikombe changu kilipofika, nikamwambia aongeze sukari.